Walezi Wanaosomea Kazi Yao

Mwezi Agosti, siku chache kabla wanafunzi hawajarejea, mabweni ya vyuo vikuu vingi vya Marekani huwa na zoezi la aina yake. Milango yote ya korido moja hufungwa, na ndani ya kila chumba hukaa watu waliopangiwa igizo. Chumba cha kwanza kuna msichana analia na hataki kusema kinachomliza. Cha pili wamo vijana watatu na chupa za bia, mmoja amelala sakafuni na akiitwa haitikii. Cha tatu wamo wawili wanaolala chumba kimoja, wameanza kwa kugombania taa na sasa mmoja amemtukana mwenzake kwa rangi ya ngozi yake. Walezi wapya wa bweni, ambao wenyewe ni wanafunzi wa miaka 19 au 20, hugonga mlango mmoja baada ya mwingine na kukabiliana na watakachokikuta. Baada ya dakika chache igizo husimamishwa, watu wakakaa chini kuzungumza. Zoezi hilo huitwa Nyuma ya Milango Iliyofungwa.

Mara nyingi anayelisimamia, yule aliyejibanza pembeni na daftari, ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ambaye naye bado anajifunza kazi. Hampi mlezi mpya maneno ya kukariri. Anamuuliza maswali. Kwa nini ulibaki umesimama mlangoni wakati mwenzako amekaa chini? Kwa nini uliwaamsha majirani kabla ya kuita gari la wagonjwa? Na lile swali ambalo karibu kila mgeni wa kazi hii huulizwa: kwa nini ulimwahidi yule binti kwamba atakalokwambia hutamwambia mtu? Ahadi ile ilitoka kwa huruma, lakini haitekelezeki. Katika vyuo vingi mfanyakazi akiambiwa kwamba mwanafunzi amebakwa, au kwamba anapanga kujiua, analazimika kutoa taarifa. Mlezi anayejua kazi yake humwambia mwanafunzi jambo hilo mapema, kabla hajafungua moyo, ili achague mwenyewe aseme kwake au apelekwe kwa mshauri nasaha ambaye sheria inamruhusu kutunza siri.

Kujua namna ya kusema sentensi hiyo moja, kwa sauti gani na wakati gani, bila kumfanya binti anyamaze moja kwa moja, ni ujuzi. Marekani watu huusomea. Ipo shahada ya uzamili ya huduma na malezi ya wanafunzi wa vyuo, ya miaka miwili, na juu yake ipo ya uzamivu. Msomaji aliyepita Mlimani, Nairobi au Makerere anaijua ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Huenda alipanga foleni mlangoni pake. Asilolijua ni kwamba kuna mahali ambapo kazi ya ofisi hiyo imekuwa somo kwa zaidi ya miaka 100, lenye historia yake, nadharia zake na ugomvi wake. Naamini ni somo tunalolihitaji. Kiini chake ni jambo gumu kuliko linavyoonekana: jinsi ya kumlea mtu ambaye tayari ni mtu mzima.

Zamani vyuo vya Marekani havikuhitaji wataalamu wa namna hii. Walimu wenyewe ndio waliowaamsha wanafunzi, wakawapeleka kanisani, wakawaadhibu wakichelewa. Mambo yalibadilika katika nusu ya pili ya karne ya 19, pale maprofesa walipoanza kupimwa kwa utafiti wao na kuhamia maabara na maktaba. Mwanafunzi akabaki bila mtu. Harvard, chini ya rais wake Charles Eliot, ilimkabidhi kazi hiyo LeBaron Russell Briggs, mwalimu wa Kiingereza, aliyeshika ofisi ya mkuu wa chuo cha shahada ya kwanza mwaka 1891. Sifa yake ilikuwa utu wake tu. Hakuwa amesomea chochote kinachohusu kazi hiyo, na hakukuwa na mahali pa kuisomea.

Wanawake ndio walioanza kuuliza pa kuisomea. Vyuo vikuu vilivyowakubali wasichana viliingiwa na hofu ya kuwachanganya na wavulana, vikatafuta mwanamke mzima wa kuwachunga. Chuo Kikuu cha Chicago kilipofunguliwa mwaka 1892 kilimchukua Alice Freeman Palmer kuwa mkuu wa wanafunzi wanawake, akaja na Marion Talbot kama msaidizi wake. Baadaye Talbot alichukua nafasi hiyo, na mwaka 1903 aliwakutanisha wenzake wa vyuo vya jirani mjini Chicago. Wanawake hawa walikuwa wasomi. Waajiri wao walitaka matroni: mtu wa kuhesabu vichwa usiku, kukagua urefu wa sketi na kuketi sebuleni mvulana akija kutembelea. Wao walitaka kujua wasichana wanaishi wapi, wanakula nini, kwa nini wanaacha masomo, na wakihitimu watafanya kazi gani.

Mwaka 1913 Teachers College, chuo cha ualimu cha Columbia mjini New York, kilianzisha masomo maalumu kwa wanawake waliotaka kazi hiyo, na mwaka uliofuata wahitimu wa kwanza wakatunukiwa. Hapo ndipo shahada hii ilipoanzia. Miaka michache baadaye ukaja mkondo mwingine kutoka jeshini. Katika Vita Kuu ya Kwanza wanasaikolojia walikuwa wamewapima askari na kuwapangia kazi kwa vipawa vyao. Mmoja wao, Walter Dill Scott, alipokuwa rais wa Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1920 aliuleta utaratibu huo kwa wanafunzi. Esther Lloyd-Jones, aliyeutafiti mpango wa Northwestern kwa shahada yake ya uzamivu ya mwaka 1929 kisha akafundisha Columbia kwa miongo mingi, alikuja kuwa na mashaka na upimaji huo wa watu kwa fomu na mafaili. Alishikilia kwamba mlezi wa wanafunzi ni mwalimu, na kwamba bweni na chama cha wanafunzi navyo ni darasa.

Lakini mtu ninayemrudia kila ninapofikiria kazi hii ni Lucy Diggs Slowe.

Slowe alikuwa Mmarekani Mweusi. Alisoma Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, na mwaka 1908 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Alpha Kappa Alpha, umoja wa kwanza wa kidada wa wanafunzi wanawake Weusi. Alipata shahada ya uzamili Columbia mwaka 1915. Mwaka 1917 alishinda ubingwa wa tenisi wa wanawake Weusi wa taifa, na mwaka 1919 aliwekwa kuongoza shule mpya ya kati ya watoto Weusi mjini Washington. Howard ilipomwita mwaka 1922 awe mkuu wa wanafunzi wanawake, hakukubali haraka. Alitaja masharti yake kwanza: apewe cheo cha profesa, na sera zote zinazohusu wanafunzi wanawake zitoke ofisini kwake. Alikubaliwa.

Kwa miaka kadhaa alifanya kazi kama alivyoifahamu. Alipigania mabweni ya wanawake, na mwaka 1931 yakafunguliwa, yakiwa na nafasi za kukutania, kusoma na kupokea wageni, ili msichana ajifunze kuendesha mambo yake na kusema mbele za watu. Aliandika kwamba wengi wa wasichana wale walitoka katika nyumba na makanisa ambako walifundishwa kunyamaza, na chuo kikiendelea kuwanyamazisha kitawatuma katika dunia wasioweza kuikabili. Kisha uongozi ukamgeuka. Mwaka 1933 aliamriwa ahame nyumbani kwake aje kuishi ndani ya chuo, karibu na wasichana. Kwa mtu wa nje lingeonekana jambo dogo. Slowe alilielewa lilivyo. Mkuu wa wanafunzi wanaume hakuamriwa kulala na wanafunzi wake. Amri ile ilikuwa ya kumshusha, awe matroni. Alikataa, akapambana nayo kwa barua na vikao huku mshahara na wafanyakazi wa ofisi yake wakiguswa, na hakuwa amehama alipofariki Oktoba 1937.

Miezi michache kabla ya kifo chake, Aprili mwaka huohuo, Baraza la Elimu la Marekani lilikutanisha watu wachache mjini Washington, wakaandika waraka mfupi ambao mpaka leo kila mwanafunzi wa shahada hii husomeshwa katika muhula wa kwanza. Waraka unasema, kwa ufupi, kwamba chuo kimtazame mwanafunzi mzima: akili yake, mwili wake, moyo wake, watu wake, riziki yake, imani yake. Ulirekebishwa mwaka 1949, Vita Kuu ya Pili ilipokuwa imekwisha na askari wastaafu kumiminika vyuoni kwa ada ya serikali. Watu hao walikuwa wamepigana, wengine wana wake na watoto. Hapakuwa na namna ya kuwapangia saa ya kulala.

Hata hivyo sheria iliendelea kukiona chuo kama mzazi. Mwaka 1913 mahakama ya Kentucky ilisikiliza kesi ya mwenye mgahawa aliyekipeleka mahakamani Chuo cha Berea kwa kuwakataza wanafunzi wasiingie kwake. Mahakama ikasema chuo kimekaa mahali pa mzazi, na mzazi ana haki ya kumkataza mtoto wake. Kwa takriban nusu karne vyuo viliwafukuza watu chini ya kivuli cha hukumu za namna hiyo, bila barua wala kikao. Kilichozibomoa ni mgahawa mwingine. Februari 1960, wanafunzi Weusi wa Alabama State walikaa kwenye mgahawa wa Wazungu ndani ya jengo la mahakama mjini Montgomery, wakaomba kuhudumiwa. Gavana alikasirika, na wanafunzi tisa wakafukuzwa bila kuulizwa neno. Baadhi yao walikwenda mahakamani, wakiwa na wakili Fred Gray, yuleyule aliyemtetea Rosa Parks. Tarehe 4 Agosti 1961 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi bila kumjulisha kosa lake na kumpa nafasi ya kujieleza. Kesi hiyo, Dixon dhidi ya Bodi ya Elimu ya Alabama, ni ya lazima kwa kila anayesomea kazi hii. Baada yake wafanyakazi wa vyuo walilazimika kujiuliza: kama sisi si wazazi wa hawa watu, sisi ni nani kwao?

Nikiisoma kesi hiyo nafikiria Dar es Salaam. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Julai 1971 Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa umoja wa wanafunzi, alifukuzwa na kuondolewa chuoni na askari wenye silaha, wenzake wakasusia masomo. Kila nchi ina historia yake, wala sisemi Alabama ya Wazungu na Tanzania ya ujenzi wa taifa ni kitu kimoja. Swali lililoachwa mezani ndilo linalofanana: chuo kikigombana na mwanafunzi, ofisi ya wanafunzi imekaa upande gani wa meza?

Turudi darasani. Mpango wa kawaida huchukua miaka miwili. Viwango vya CAS, baraza lililoundwa mwaka 1979 ili kuiwekea kazi hii kipimo, vinataka mwanafunzi asome masomo yasiyopungua krediti 40 za muhula, na afanye kazi chini ya usimamizi kwa saa zisizopungua 300 katika mahali pawili tofauti. Hiyo ndiyo fildi yao. Ila kwa wengi shule ya kweli ni ajira ya usaidizi, ambayo kwa kawaida ni ya saa 20 kwa wiki. Mmoja hupewa bweni lenye mamia ya wanafunzi na kuishi humohumo kwenye nyumba ndogo ya mfanyakazi. Mwingine huwekwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni, mwingine ofisi ya nidhamu, mwingine kituo cha waliotoka jeshini, mwingine ghala la chakula. Ndiyo, ghala la chakula: Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kilifungua lake mwaka 1993, na leo mamia ya vyuo vina chumba cha unga, mafuta na makopo ya maharage kwa wanafunzi wasio na cha kula. Kwa kazi hiyo mwanafunzi wa uzamili hupata posho, na mara nyingi husamehewa ada yote au sehemu yake. Ndiyo maana wanaojua huwashauri waombaji waangalie ajira ya usaidizi kabla ya kuangalia jina la chuo. Bowling Green na Miami, vyote vya Ohio, havina umaarufu wa Harvard mitaani, lakini ndani ya taaluma hii ni majina makubwa.

Ubora wa mafunzo haya uko kwenye mwendo wake wa kwenda na kurudi. Jumanne usiku simu ya zamu inalia saa nane. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amejifungia bafuni. Jumatano asubuhi aliyekuwa zamu anaandika ripoti. Jumatano jioni yuko darasani akijadili nadharia, na kile alichokiona bado kiko machoni pake. Msimamizi wake hukutana naye kila wiki, saa nzima, na hawazungumzii mafanikio tu. Humuuliza: ulihisi nini? Ulimkasirikia? Kwa nini ulijibu barua pepe saa kumi za usiku, na nani alikuomba?

Nadharia zenyewe nyingi zilizaliwa kutokana na kuwasikiliza wanafunzi kwa muda mrefu. Arthur Chickering, aliyekuwa akifanya utafiti katika chuo kidogo cha Goddard huko Vermont, aliandika mwaka 1969 kwamba kijana wa chuo hukua katika njia saba, zikiwamo kumudu hisia zake, kusimama peke yake kisha kujua kutegemeana na wengine, na kujitambua. Nancy Schlossberg wa Maryland aliwatazama watu wanaovuka kutoka hali moja ya maisha kwenda nyingine. Yeye angetaka tupime mambo manne: hali iliyomkuta mtu, mtu mwenyewe alivyo, walio nyuma yake, na mbinu alizonazo. Mwaka 1989 akaandika juu ya haja ya mtu kuhisi kwamba yupo katika hesabu ya wengine, kwamba asipoonekana kuna atakayeuliza. Vincent Tinto, mwaka 1987, alishughulika na swali la kwa nini watu huacha chuo. Alionyesha kwamba wengi hawaondoki kwa kushindwa mitihani; huondoka kwa sababu hawakuwahi kuingia kweli, maana hawana mwalimu anayewajua wala kundi wanalolihesabu lao.

Somo hili lina ujasiri wa kujikosoa, na kwangu hilo lina thamani kubwa. William Perry aliichora ramani ya kukua kwa fikra, iliyochapishwa mwaka 1970, kwa kutegemea zaidi vijana wa kiume wa Harvard. Lawrence Kohlberg alipima ukuaji wa maadili kwa wavulana, na mwaka 1982 Carol Gilligan akauliza wasichana wamekwenda wapi. William Cross alikuwa ameshaandika mwaka 1971 juu ya safari ya Mtu Mweusi kuukubali Weusi wake. Mwaka 2005 Tara Yosso aliugeuza mjadala. Wakati wengine walikuwa wakiorodhesha kile watoto wa maskini na wahamiaji wanachokosa, yeye aliorodhesha walichonacho: matarajio yasiyozimika, lugha zaidi ya moja, ukoo, watu wa kuwaelekeza, ujuzi wa kupenya katika taasisi ambazo hazikujengwa kwa ajili yao, na desturi ya kupinga dhuluma. Mtoto aliyemtafsiria mama yake hospitalini tangu akiwa na miaka kumi anafika chuoni na kipaji ambacho mtihani wa kuingilia haukumuuliza.

Lazima niseme pia gharama yake. Mishahara ya wanaoanza ni midogo ukilinganisha na miaka sita ya masomo waliyonayo. Anayeishi bwenini hana mlango unaotenganisha kazi na nyumbani. Akienda kufua nguo anakutana na kesi. Wengi huacha kazi katika miaka ya mwanzo, wamechoka kwa kubeba maumivu ya watu. Vyuo navyo vina tabia ya kuitumia huruma yao: mtu anayependa wanafunzi atafanya kazi ya watu wawili bila kulalamika, na wakubwa wanajua. Slowe aliuona mtego huo mapema. Mlezi asiye na mipaka hatimaye hamlei mtu, na kozi nzuri hufundisha mipaka kwa uzito uleule inaofundisha upendo. Anayefikiria kujiunga awaulize wahitimu wa mpango wake wako wapi miaka mitano baadaye, na azungumze nao bila mkuu wa idara kuwepo.

Kwa Mwafrika Mashariki anayekwenda kusoma huko, viza ya mwanafunzi inaruhusu kazi ya ndani ya chuo isiyozidi saa 20 kwa wiki muhula unapoendelea, na ajira ya usaidizi inaingia humo humo. Akimaliza, anaweza kuruhusiwa kufanya kazi ya fani yake kwa mwaka mmoja. Baada ya hapo wapo wanaorudi.

Na kurudi kuna kazi. Fikiria kubebana kwa Dar es Salaam, mwenye kitanda anapompokea asiye na chumba wakalala wawili au watatu kwenye godoro la mmoja. Ofisi ya bweni inaweza kuliona kosa la kanuni, ikafanya msako alfajiri. Aliyesomea kazi angeanza na maswali ya Schlossberg na Tinto: aliyebebwa ana nani mwingine mjini? Bumu lake, yaani fedha za mkopo wa masomo, limetoka? Anakula wapi? Amekwisha kusapu (kurudia mtihani) masomo mangapi, na yuko karibu kiasi gani na kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli)? Pengine angegundua kwamba kitanda kile cha watu wawili ndicho kinachomzuia mmoja wao asiache chuo, na kwamba jambo la haraka ni kumpatia mahali pengine kabla ya kumtoa pale alipo. Nani anaacha masomo, mwezi gani, akitokea wapi, baada ya nini: hayo ni maswali ya utafiti, na wenye majibu wako kwenye foleni mlangoni.

Kazi nyingine iko hukohuko Marekani, na inawahusu wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Familia nyingi za wakimbizi wa Kongo, zikiwamo zilizokaa miaka na miaka kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, zimehamishiwa huko, na watoto wao sasa wako vyuoni. Chukua mfano wa simu moja. Baba anapiga ofisi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, anaulizia maendeleo ya binti yake, na kwa bahati anayepokea ni Mtanzania anayesomea uzamili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali nimempata mtu wa kusema naye. Huyu mtoto wangu hapokei simu wiki ya pili. Niambie tu, anasoma au hasomi? Amefaulu mtihani?"

Kijana ana jibu mbele yake, kwenye kioo cha kompyuta. Hawezi kulisoma. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi inasema kwamba mtu akishaingia chuo haki ya kumbukumbu hizo ni yake mwenyewe, hata kama baba ndiye anayelipa. Ipo milango michache: mwanafunzi akitoa idhini kwa maandishi, au maisha yake yakiwa hatarini, au kama wazazi wanamhesabu kuwa tegemezi katika kodi, na hapo pia chuo kinaweza kutoa taarifa, hakilazimishwi. Kumwambia mzee "sheria hairuhusu" kisha kukata simu ni kutii sheria. Ni kumtukana pia, maana huyu ni mtu aliyemvusha binti yake Ziwa Tanganyika mgongoni.

Aliyefundishwa vizuri anajua kwamba sheria ile inamkataza kutoa, haimkatazi kupokea. Anaweza kumsikiliza mzee kwa dakika zote anazohitaji. Anaweza kumuuliza: mara ya mwisho kuzungumza naye alikuwaje? Kuna msiba umetokea nyumbani? Alikuwa halali? Anaweza kumweleza kwa Kiswahili, pole pole, utaratibu ulivyo na kwa nini upo, na kwamba hata baba tajiri wa hapo mjini huambiwa vilevile. Mzee akitaja jambo la kutisha, mlezi anapanda ngazi saa hiyohiyo kwenda kugonga mlango. Asipotaja, mlezi anamwandikia binti ujumbe wa kumwalika ofisini, na akija anamwambia wazi kwamba baba yake alipiga, ana wasiwasi naye, na hakuambiwa kitu. Kisha anamwekea mbele fomu ya idhini na kumweleza kila mstari: unaweza kuruhusu matokeo tu, au ada tu, au vyote, au usiruhusu chochote, na ukibadili mawazo mwezi ujao unarudi kuifuta. Binti anaweza kusaini. Anaweza pia kuisukuma fomu upande wa pili wa meza na kusema atampigia mwenyewe jioni, ila kwanza anaomba asaidiwe namna ya kumwambia kwamba ameacha kozi ya uuguzi.